Majibu Mawili ya Mama Safi

Wanangu mnaoanza kazi hii ya kubisha milango na kuwauliza watu wanavyofikiri, mkipewa kiti, kaeni. Msiseme mna haraka. Msisimame mlangoni na karatasi mkononi kama watu wa kodi. Mimi juma langu la kwanza nilisimama, na kila mlango niliobisha nikaambiwa mwenye nyumba hayupo. Mmoja wao aliyeniambia hivyo alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, yuko na kandambili miguuni na mswaki mdomoni.

Naitwa Veronika Mbuyi. Hapa Kolwezi ukishataja Mbuyi, watu wanajua mara moja kwamba asili yako ni Kasai, mkoa wa mbali. Babu yangu aliletwa huku kuchimba shaba. Baba yangu alizaliwa huku, mimi nimezaliwa hapa hapa mtaa wa Manika, na mpaka leo kuna watu wananiuliza kwa upole kabisa ni lini nitarudi kwetu. Zamani swali hilo lilinikasirisha. Baadaye nikalipwa mshahara kwa kulichunguza.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo, vyumba vitatu, paa la bati. Tulitafuta kujua kitu gani kinamwamsha mtu aende kazini, kwa nini anamwamini huyu na kumdharau yule, na makabila yanayokaa mtaa mmoja yanaonana kwa jicho gani. Maprofesa wanaita saikolojia ya jamii. Sisi tuliotembea kwa miguu tuliiita kazi ya maswali. Niliifanya miaka ishirini na miwili, hadi magoti yaliponiambia inatosha.

Aliyenifundisha ni Tata Kapend, baba wa heshima kwetu sote, mtu wa Sandoa, mji wa mkoa huu huu, mrefu, mpole, aliyesema polepole mpaka unataka kummalizia sentensi. Kummalizia mtu sentensi ndilo kosa alilolichukia kuliko yote. Siku moja nilirudi kutoka kwa bibi mmoja mzee nikiwa na furaha, maana alinijibu maswali yote bila taabu. Tata Kapend akaipitia karatasi, akavaa kofia, akanirudisha kwa yule bibi. Akamwuliza, "Mama, unaona bakubwa ba hapa banafanya kazi muzuri?"

"Ndiyo, tata."

"Ao unaona banafanya kazi mubaya?"

"Ndiyo, tata."

Tulipotoka nje akaniambia, "Huyu mama hajajibu maswali. Amekupokea mugeni." Akaniamuru nirudi kesho yake bila karatasi, nimsaidie kuchambua maharagwe. Nilichambua maharagwe siku nzima, na nilichojifunza siku ile kuhusu mtaa ule hakikuwa kwenye swali lolote tulilokuwa tumeandika.

Mara nyingine tulitumwa kwa vijana wanaochimba kwa mikono, wale wanaotoka pembe zote za nchi. Tulitaka kujua kwa nini mtu anateremka kila asubuhi ndani ya shimo ambalo jana limemtisha. Karatasi ilikuwa na vijumba vitano vya kutia alama: fedha, njaa, kukosa kazi nyingine, familia, na kutamani kuwa tajiri. Mwanamume mmoja, uso wote vumbi, akanitaka nimsomee mara mbili, akacheka.

"Mama, mu karatasi yako mi siko."

"Basi uko wapi?"

Akawaonyesha wenzake watatu waliokuwa wakikunja kamba. "Bale banateruka. Nikibakia huku juu, nitakula namna gani? Nitalala namna gani? Fedha nayo ninataka, lakini asubuhi, wakati mwili inakataa, si fedha njo inaniamsha. Ni bale."

Nikamwandika pembeni kwa kuwa hapakuwa na kijumba. Tata Kapend aliyasoma yale maneno ya pembeni mara nyingi kuliko majedwali yote, na utafiti uliofuata ulikuwa na kijumba cha sita. Kwa hiyo acheni nafasi pembeni mwa karatasi zenu, iwe kubwa.

Lakini sikukaa chini niwaandikie haya kwa ajili ya mambo hayo. Nataka kuwaambia habari za Mama Safi, jirani yangu, maana ndiye aliyenifundisha kazi hii kuliko Tata Kapend, na yeye mwenyewe hajui.

Mama Safi ni mtu wa kule kule Sandoa. Anauza makala, yaani mkaa, na amezaa mapasa, watoto pacha, mara mbili, jambo ambalo pale kwetu si dogo. Tuliteka maji bomba moja. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwake, mvua inanyesha na hakuna gari. Alikuwa akiniita Mama Beatrice, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na mimi sikumbuki siku hata moja niliyopita mbele ya mlango wake bila kuitwa niingie.

Miaka kama kumi iliyopita tulifanya utafiti kuhusu watu wa hapa na watu wenye asili ya Kasai. Maswali yalipanda kama ngazi. Unamsalimia mtu wa kundi lile? Ungekubali awe jirani? Ungekula kwake? Ungemwachia mtoto wako siku nzima? Na juu kabisa, la tano: ungekubali mwanao aoane na mtoto wao? Kanuni ni kwamba hufanyi kazi mtaa unaokaa. Ila wenzetu wawili waliugua, siku zilikuwa zimebaki chache, na Tata Kapend akanipa avenyu yangu mwenyewe. Majuma mawili baadaye yeye akapita nyumba zile zile na maswali yale yale, ili aone kama jibu linabadilika muulizaji akibadilika. Majina hatukuandika. Tuliandika namba za nyumba, na namba alizipanga yeye, bila kufuata mstari wa mtaa.

Mama Safi alinijibu akicheka. Ngazi yote aliipanda kwa ndiyo. Alipofika la tano akanipiga begani. "Beatrice akikuwa mukwe wangu, nitakufa na furaha. Sisi wote tuko batoto ba Mungu."

Kazi ya kuingiza majibu kwenye kompyuta ilikuwa yangu. Asubuhi moja nikafungua karatasi za Tata Kapend, nikakuta nyumba moja ya mama muuza makala, mapasa mara mbili. Jirani: ndiyo, kama ni mtu wa amani. Kula kwake: ndiyo. Kumwachia mtoto: hapana. Kuoana: hapana. Na pembeni, kwa mwandiko ule wa Tata Kapend wa polepole, neno kwa neno: "Bale bantu ni bageni. Siku moja batarudia kwabo, na manyumba itabakia."

Lazima mjue neno hilo lilinikuta wapi. Wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mitaani na wenyeji, mimi nilikuwa mama kijana, Beatrice mgongoni. Tulilala kituo cha treni, gare, majuma mengi tukingoja mabehewa ya kwenda Kasai, watu juu ya watu, mama yangu akihara damu pembeni yangu. Hakupanda behewa lolote. Tulimzika karibu na reli. Mambo yalipotulia nilirudi, kwa sababu sikuwa na kwetu kwingine, nikakuta nyumba yetu imekaliwa na watu walionifungulia mlango kwa adabu. Nilihamia avenyu nyingine, na avenyu hiyo ndiyo yenye Mama Safi.

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia ndani ya Biblia yangu, nikafunga mkoba.

Hilo, wanangu, ni wizi. Sitaliita kwa jina jingine.

Siku ya tatu Tata Kapend akanikuta ofisini peke yangu. Alikuwa amehesabu.

"Mama Veronika, karatasi moja haiko."

Nikafungua Biblia, nikampa. Hakuniuliza kwa nini nimeificha. Aliisoma, akakaa, akavua miwani.

"Unajua ni nani?"

"Ku avenyu yetu kuna mama moja tu mwenye kuzala mapasa mara mbili, tata."

"Basi kosa ni yangu. Sikupaswa kukutuma kule." Akafuta miwani yake polepole, nami kwa mara ya kwanza sikutamani kumsukuma aseme. "Sasa niambie. Kati ya majibu mbili, gani iko ya kweli?"

"Ile alikupa weye."

"Juu ya nini?"

"Sababu mbele yako hakuwa na haya ya kuniumiza."

"Ndiyo, mbele yako aliogopa kukuumiza. Lakini mbele yangu aliogopa pia. Mi niko mutu wa kwabo. Aliogopa nitasema, huyu mama alishasahau bantu bake. Mara mbili aliangalia mutu mwenye kuikala mbele yake, akamupa kile alizani anataka. Mi nafanya hii kazi tangu nywele yangu iko nyeusi. Yeye peke yake, bila weye, bila mi, anafikiri nini? Sijue. Pengine naye hajue."

"Mi ninajua," nikamwambia. "Mi nililala ku gare, tata."

"Ninajua ulilala."

Akainuka, akafungua kabati la chini, lile la faili za wafanyakazi. Alikuwa na desturi ya kumjibisha kila mfanyakazi mpya maswali yetu wenyewe kabla ya kumtuma kwa watu, ili aonje jinsi yanavyowasha. Akatoa karatasi ya zamani, akaiweka mbele yangu, akatoka nje kuvuta hewa.

Ilikuwa yangu. Mwandiko wangu, wa nilipoanza kazi. Kuhusu watu wa hapa: jirani, ndiyo, hakuna njia nyingine. Kula kwake: ndiyo. Kumwachia mtoto: hapana. Kuoana: hapana, mara mbili, na mstari chini. Pembeni niliandika: "Banacheka na sisi, kisha banatufukuza."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliandika hivyo. Nilikaa na karatasi mbili mezani, ya Mama Safi na yangu, na ngazi zetu zilikatika mahali pamoja.

Mngedhani basi niliondoka pale nikiwa mtu mwingine. Hapana. Niliingiza majibu yake kwenye kompyuta kama ilivyotakiwa, nikarudi nyumbani, na nikaacha kununua makala kwake. Nilikwenda kununua soko la mbali, nikafunga gunia nyuma ya pikipiki ya teksi, nikawa narudi mweusi mgongo mzima, hata Jumapili moja na nguo ya kanisani. Mtaa mzima uliniona. Mama Safi naye aliniona.

"Mama Beatrice, makala yangu iko na mawe?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini?"

"Hakuna kitu."

Sikuwa na ruhusa ya kumwambia. Mtu akishakujibu, jibu lake ni siri, hata kama limekupiga wewe usoni, na hapo ndipo kanuni hii inapokuwa kanuni kweli. Nilimwona akingoja, mikono myeusi imening'inia, kisha akainama akaendelea kupanga mafungu yake. Baada ya kiangazi nikarudi kununua kwake. Nilichoka kubeba, nitasema ukweli. Tuliishi hivyo miaka miwili na zaidi, kwa salamu nzuri, bila kukaa.

Halafu Beatrice, alipokuwa na miaka yake ishirini na kitu, tayari anafundisha watoto wadogo, akaniambia siku moja tukikunja nguo, "Mama, kuna mutu anataka kuya kukuona."

"Nani?"

"Yav."

"Yav gani?"

Pale kwetu kulikuwa na Yav mmoja. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtoto wa pili wa Mama Safi. Beatrice alinitazama tu, akanisubiri niimalize komedi yangu.

Kwa miaka yote ile niliwauliza watu lile swali la tano nikiwa na kalamu ya bik mkononi, nikishangaa wanavyojikuna, wanavyoangalia dari, wanavyosema, inategemea. Sasa nilijikuna mimi. Nilimwambia Beatrice anipe juma moja. Nilimkumbusha mama yangu na reli. Alinijibu bila kuinua sauti, "Mama, pale nilikuwa mu mugongo yako. Mi pia nilikuwa kule." Akachukua nguo zake akaingia chumbani.

Siku ya nne, saa tisa mchana, nilikuwa uani natwanga majani ya sombe. Mama Safi akaingia bila kuitwa. Hakusalimia. Alichukua mchi wa pili uliokuwa ukutani, akasimama upande wa pili wa kinu, tukaanza kupokezana, wangu chini wake juu. Ukitwanga wawili huwezi kumwangalia mwenzako usoni, utamvunja mkono. Nadhani alilijua hilo.

"Mama Beatrice, batoto balishakuambia?"

"Balishaniambia."

Tukatwanga.

"Kuna kitu mi nataka kukuambia mbele. Ule mwaka weye ulikuya na maswali, kisha kukakuya tata moja wa kwetu, wa Sandoa. Akaniuliza maswali ile ile. Mi nikamujibu mubaya juu ya bantu ba kwenu. Nikasema mutarudia. Nikasema mambo ya manyumba." Mchi wake ukakosa kinu, ukagonga ukingo. "Kisha ukaacha kununua makala kwangu. Nikasema, Mungu amemuonyesha. Nilitaka kuya kukuambia, nikaogopa. Kila siku unapita, ninaogopa."

"Juu ya nini ulisema vile?"

"Sijue, mama. Alikuwa anasema kikwetu. Baba yangu alikuwa anasemaka vile nyumbani, kila mangaribi. Nilifungua kinywa, ikatoka sauti ya baba yangu. Na weye ulikuwa umenipa chumvi asubuhi ile ile."

Sikumwambia kwamba niliisoma. Mpaka leo sijamwambia. Lakini karatasi yangu ni yangu, na hiyo ningeweza kuitoa.

"Mama Safi, mi pia balishaniuliza. Juu ya bantu ba kwenu."

"Ukajibu nini?"

"Mutoto, hapana. Kuoa, hapana. Mara mbili. Na mustari chini."

Akasimamisha mchi. Tukaangaliana sasa. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa karibu, lakini akauliza, "Mustari nayo?"

"Na mustari."

Akacheka hadi akakaa chini kwenye majani ya muhogo. Nami nikakaa. Beatrice alitoka ndani kuangalia ni nani amekufa, akatukuta wanawake wawili wazima chini, vilemba vimeteleza, tunajifuta macho kwa mikono ya kijani. Akarudi ndani. Alijua juma langu limekwisha.

Msinielewe vibaya. Kwenye maandishi yetu tulipenda kusema kwamba watu wakifanya kazi bega kwa bega dharau inapungua. Ni kweli, mara nyingi. Lakini mimi na Mama Safi tulikuwa bega kwa bega miaka yote, bomba moja, uzazi mmoja, na zile sauti za nyumbani kwetu zilikaa tu ndani, zimelala. Hazikuondoka kwa kukaa karibu. Zilianza kuondoka siku kila mmoja alipozisema kwa mdomo wake mbele ya yule zinayemuuma. Jambo hilo siwezi kuwaandikia kijumba cha kutia alama. Nilimweleza Tata Kapend, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa, kitandani kwake. Akaniambia niandike pembeni. Alikufa mvua za mwaka ule, na nimeandika.

Aliyebaki ni kaka yangu mkubwa, Mukendi, ninayemwita yaya. Yeye ndiye aliyechimba kaburi la mama yetu pale relini, kwa kipande cha bati, kwa kuwa jembe halikuwepo. Nilipomwambia habari za Yav, alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Veronika, ulisahau gare?"

"Sikusahau, yaya."

"Basi unataka nikule nyama na bale?"

Sikumjibu kwa hoja. Hoja ninazo, nimelipwa kwa hoja miaka ishirini. Nilimwambia tu, "Njoo uikale. Ukishindwa, simama, nitatoka pamoja na weye." Akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Siku ya familia mbili kukutana, upande wetu tulikuwa tumekaa tayari, viti vimepangwa, kimoja kitupu. Wazee wa upande wa Yav walikuwa wamefika kutoka Kasaji, kule upande wa Sandoa, vumbi la safari bado kwenye viatu. Chakula kilikuwa mezani. Kaka yangu akaingia akiwa amechelewa, amevaa koti lake la mazishi, na hakukaa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. 

Mama Safi akaacha sahani ya bukari, ugali wetu, aliyokuwa ameishika, akamwendea. Akapiga goti kidogo, akamsalimia kwa lugha ya kwetu, ya Kasai. Hakuna aliyemfundisha kwa ruhusa yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba alimsumbua Beatrice mwezi mzima. Alitaka kusema *moyo webe*, salamu ya kawaida kabisa. Lakini aliivuta mahali pasipovutwa, akaikata mahali pasipokatwa, na kilichotoka hakikuwa salamu ya kabila lolote ninalolijua.

Kaka yangu akamtazama. Nilimwona akikaza midomo, nikadhani anatoka, nikaanza kuinuka niende naye kama nilivyoahidi.

"Si vile," akasema.

Akamtamkia. Mama Safi akarudia, vibaya zaidi. Kaka yangu akatikisa kichwa, akatamka tena, polepole, kama anavyofanya na wajukuu wake. Mama Safi akajaribu mara ya tatu, akakosea mahali papya. Mzee mmoja wa Kasaji akaanza kukohoa ili asicheke. Bukari ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa.

"Rudia, mama," kaka yangu akamwambia, akavuta kile kiti kitupu, akakaa.